Weka hapo, utapoa

Toka juzi silali vizuri, na sio baridi ya hapa Uyole, ni hili neno la mama. "Weka hapo mwanangu, utapoa." Nimelirudia kichwani mpaka nasikia na ile pumzi aliyovuta kabla hajalisema.

Mnaosoma hapa mnajua mama anatundikiwa kemo, yaani dawa za saratani, mnajua dozi ya tatu ilikuwa ile dawa nyekundu na mnajua nilivyofurahi kwamba safari hii hakutapika sana. Sasa siku ya saba hivi akaanza kuacha uji. Mi naamka nakoroga uji wa ulezi, nakamulia ndimu mbili maana kila mtu anasema ndimu inakata kichefuchefu, nampelekea chumbani, anaupokea kwa mikono miwili, anauangalia, "weka hapo mwanangu, utapoa." Narudi baada ya saa nzima uko vilevile. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Jumatano nikakuta kikombe nyuma ya pazia, uji umeshika utando juu, nikapandisha sauti. Nikamwambia mama huu uji umepoa toka saa moja, unataka upoe mpaka lini, au unataka turudi hospitali ukatundikiwe maji?

Akasema "basi nisamehe mama, nakunywa." Akanywa amefumba macho, funda moja moja, na mi nimesimama mlangoni namsimamia mpaka kikombe kikaisha.

Alhamisi kliniki nesi mmoja akawasha tochi ya simu akamwambia mama fungua mdomo. Hapo ndo nikaona. Ndani ya mdomo wa chini nyama imechubuka nyekundu kabisa, pembeni ya ulimi vidonda vinne, vyeupe katikati, kila kimoja kama punje ya dengu, kimoja kinatoa damu. Nesi akaniuliza anakula nini, nikasema uji wa ulezi. Unaweka nini? Nikashindwa kujibu. Mama ndo akajibu, kwa tabu, "anaweka ndimu kidogo tu, ni mtamu."

Mtamu jamani. Ndimu kwenye kidonda, siku tatu, na bado ananitetea mbele ya watu.

Nesi alinielewesha taratibu. Kemo inaua seli zinazozaliana haraka, ndo maana nywele zinakatika, na ngozi ya ndani ya mdomo nayo ni ya hivyohivyo, inajibadilisha kila baada ya siku chache. Vidonda vingi vinaanza siku ya 5 mpaka ya 10 baada ya dripu na vikitunzwa vinafunga ndani ya wiki mbili tatu. Huko nyuma tuliambiwa nywele, tukaambiwa kutapika, tukaambiwa damu kushuka, mdomo hakuna aliyeutaja, na lile jino lake bovu kumbe lingeangaliwa na daktari wa meno kabla hata hatujaanza.

Kwenye bajaji nikamuuliza, mama kwa nini hukusema tu kwamba unakuunguza? Akaangalia nje mpaka tumepita Sae, ndo akasema, "ulikuwa umeamka saa kumi na moja na baridi lote hili."

Sikuongea tena mpaka nyumbani.

Basi ndimu nimeitoa jikoni, na nyanya, na pilipili, na ile dawa ya kusukutua ya dukani yenye spiriti nayo nimemwaga. Sasa anasukutua kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha bekingi soda na chumvi nusu ya hiyo, kila akimaliza kula na kabla ya kulala, anatema halafu anasuuza na maji matupu. Ni bekingi soda, sio bekingi pauda na sio magadi ya kuchemshia maharage, nimeandika kwa maka pen kwenye kopo ili shangazi asichanganye. Mswaki laini kabisa, wa watoto. Na kila jioni namtazama mdomo kwa tochi, nikiona utando mweupe unaenea, au joto likifika 38, hatusubiri kukuche tunakwenda hospitali.

Jumamosi dogo katoa mahari Kyela, ukoo mzima ulikuwepo na ng'ombe wamekubaliwa, mi kichwa kilikuwa huku kwa mama.

Leo sasa. Nimeponda parachichi la Tukuyu nikachanganya na maziwa ya baridi, laini halina hata kabonge, nikampelekea nikakaa pembeni nasubiri aseme weka hapo. Hakusema. Kachukua kijiko mwenyewe, akala bakuli zima, akalamba kijiko huku na huku kama mtoto, akaniambia "ndaga mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. Nimetoka nje kuanika nguo zilizokwisha kauka.

Ila mwenye fremu ninayopangia duka langu leo alikuja na tepu, akapima kibaraza chote mpaka kwa jirani, akaandika kwenye daftari akaondoka hajasalimia mtu. Kodi yangu inaisha mwezi ujao.