Damu Ikiwa na Bei

Kila ninaporudi kwenye manga (vibonzo vya Kijapani) za mapenzi ya vampaya, jambo moja linazidi kunikaa: utamu wake hautoki kwenye sura nzuri na makoti marefu. Unatoka kwenye bei ya damu. Mchoraji akiweka kanuni ya nani anaweza kunywa damu ya nani, na kila mmoja wao atapoteza nini, mapenzi yanapata uzito. Akiilegeza kanuni hiyo ili kuwanusuru wapenzi wake, kisa kinapwaya hata michoro ikiwa mizuri namna gani. Nitataja miisho waziwazi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa.

Vampire Knight ndiyo kazi inayoonyesha pande zote mbili, utamu na kupwaya, ndani ya kisa kimoja. Matsuri Hino aliichora katika LaLa, jarida la wasichana la kampuni ya Hakusensha, tangu mwishoni mwa 2004 hadi 2013, ikafikia majuzuu 19. Shule ya Cross ina wanafunzi wa mchana wenye sare nyeusi, ambao ni wanadamu, na wanafunzi wa usiku wenye sare nyeupe, ambao ni vampaya. Wa mchana hawajui wanaishi jirani na nani. Yuki na Zero ndio walinzi wa siri hiyo, na Kaname ndiye kiongozi wa bweni la usiku.

Msingi wake ni ngazi tano. A ni wenye damu safi, B ni makabaila, C ni vampaya wa kawaida, D ni waliozaliwa wanadamu wakageuzwa, na E ni wa ngazi ya D walioporomoka mpaka wakapoteza akili, wakabaki na kiu tu. Damu safi pekee ndiye anayeweza kumgeuza mwanadamu kwa kumuuma. Zero aliumwa na Shizuka Hio, damu safi aliyewaua wazazi wake, kwa hiyo tangu tunapokutana naye anateleza kuelekea E. Vampaya wenzake huyeyusha vidonge vya damu katika maji wakanywa. Mwili wake unavikataa. Kinachoweza kumzuia asiporomoke ni damu ya yuleyule aliyemgeuza, mtu anayemchukia kuliko wote duniani.

Sasa tazama Yuki anapompa shingo yake. Damu yake haimponyi Zero, inamchelewesha tu. Kila mara anapokunywa, kiu inatulia na aibu inaongezeka, na Yuki anakuwa na siri moja zaidi ya kumficha Kaname, ambaye ni vampaya na ana pua ya kunusa damu. Watu watatu wamefungwa na kanuni moja. Hakuna anayehitaji kusema anapenda, maana kila mwenye kutoa na mwenye kupokea analipa. Majuzuu ya mwanzo ya Vampire Knight yana nguvu kwa sababu hiyo, na ninayapenda bila kusita.

Onyesho lenyewe la kuumwa lina hatua zake. Kwanza harufu: jeraha dogo, kidole kilichokatwa na kioo, na fremu ya macho yaliyobadilika. Kisha umbali unafutwa. Ukosi unafunguliwa, nywele zinasogezwa, shingo inajaza nusu ya ukurasa. Chonge huonekana katika fremu moja nyembamba tu, na mchoraji anayezionyesha mara nyingi mno huzichosha. Halafu milio, kwa herufi za Kijapani ziitwazo katakana zinazokata kingo za fremu: goku, mmezo wa koo, na dokun, pigo moja zito la moyo. Uso wa aliyeumwa huja mwisho, aghalabu bila mandhari yoyote nyuma yake, na maneno ya moyoni yakielea nje ya viputo vya mazungumzo. Siku ya pili kuna plasta shingoni na kuna mtu wa tatu anayeiona. Plasta hiyo inafanya kazi kubwa kuliko chonge, maana ndiyo inayozaa sura inayofuata.

Kuna sababu kuumwa kunapewa kurasa nyingi hivyo. Jarida la wasichana wa shule lina mipaka ya mambo ya mwili linayoweza kuchora, na tendo la kuumwa hubeba hamu, hofu na ukaribu wote ambao hauwezi kuchorwa kwa namna nyingine. Msomaji wa pwani yetu aliyekulia na hadithi za mumiani anajua mnyonya damu wa aina tofauti kabisa: yule huchukua damu ikauzwe, na mwenye damu hana jina. Shojo, yaani manga za wasichana, inampa mwenye damu jina, sauti na haki ya kukataa. Au inapaswa kumpa. Nitalirudia hilo.

Uchapaji nao una sehemu yake. Kurasa za jarida huchapwa kwa wino mmoja, kwa hiyo damu haiwi nyekundu. Mchoraji huchagua kati ya weusi tii, kijivu cha karatasi ya madoa inayobandikwa juu ya mchoro, na mstari mtupu wenye weupe ndani. Damu nyeusi juu ya sare nyeusi haionekani, ndiyo maana ukosi mweupe, mkono mtupu na theluji vinapewa nafasi kubwa. Kijivu kikizidi, onyesho zima linakuwa ukungu na macho hayajui pa kutua. Ukiona kurasa za kidijitali ambazo kijivu chake kinatoa mawimbi ya ajabu, picha imepunguzwa ukubwa vibaya. Ikuze mpaka ukubwa wake halisi na mawimbi yatatoweka, au tafuta toleo lililochanganuliwa vizuri.

Na kwa wanaosomea simu, ambao ndio wengi wetu: kitabu cha Kijapani hufunguliwa kutoka kulia. Fremu ya chini kabisa kushoto ndiyo ya mwisho kabla ya kugeuza ukurasa, na hapo ndipo swali huachwa. Jibu hukaa upande wa kulia baada ya kugeuza. Ukisoma kwa kushusha kurasa moja moja kwa kidole, mshtuko huo unakufa, na picha za kurasa mbili zinapasuliwa katikati. Laza simu, weka mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, onyesha kurasa mbili pamoja. Mara nyingi jalada huhesabiwa kama ukurasa wa kawaida na jozi zote zinahama kwa ukurasa mmoja. Programu nyingi za kusomea zina chaguo la kuliacha jalada peke yake. Ili kuhakikisha, tafuta picha moja ya kurasa mbili: bega au shina la mti likiungana katikati bila kuruka, mpangilio uko sawa.

Hino hakuanzia hewani. Moto Hagio alianza Poe no Ichizoku mwaka 1972 katika jarida la Bessatsu Shojo Comic, akaisimamisha 1976, kisha akairudia 2016, baada ya miaka arobaini. Edgar anageuzwa akiwa na miaka 14 katika Uingereza ya karne ya 18 na anabaki mvulana wa umri huohuo. Bei yake ni muda. Hawezi kukaa mahali pamoja, maana majirani wataona kwamba hakui. Anampoteza dada yake Marybelle, akamchukua Alan awe mwenzake, na karne zinapita juu ya watoto wawili ambao hawaruhusiwi kuwa watu wazima. Hadithi fupifupi zinaruka mbele na nyuma bila kufuata miaka, na wapo wasomaji wanaozipanga upya kwa tarehe. Nawasihi wasifanye hivyo kwa mara ya kwanza. Zikisomwa kwa mpangilio zilivyotoka, unakutana na Edgar kama majirani zake wanavyokutana naye, ghafla na bila maelezo, na maumivu yanakuja baadaye yakiwa kamili.

Bisco Hatori aliweka kanuni iliyo rahisi kuliko zote katika Sennen no Yuki: vampaya huishi miaka elfu, na mwanadamu anayechaguliwa awe mwenzi wa damu huishi miaka elfu pamoja naye. Chiyuki ana moyo mgonjwa na siku zake zinahesabika. Toya ni vampaya asiyetaka kunywa damu. Tiba ya mmoja ni woga wa mwingine. Mfululizo ulisimama miaka mingi huku Hatori akichora kazi nyingine, kisha ukamalizwa kwa majuzuu 4 tu, na tofauti ya mkono wake kati ya juzuu la 2 na la 3 inaonekana hata kwa asiyejua kuchora.

Yuna Kagesaki aliigeuza bei juu chini. Karin, ya majuzuu 14 kati ya 2003 na 2008, ina vampaya ambaye damu yake huzidi badala ya kupungua. Akikaa karibu na mtu mwenye huzuni, damu inapanda. Asipomuuma mtu ili kuitoa, inamwagika puani. Anayeumwa hubaki na furaha. Inachekesha sana, na kwa sababu hiyo wengi huiacha kabla ya mwisho, ambapo Karin anapata maisha ya kibinadamu pamoja na Kenta, mpenzi wake, kwa kufutiwa kumbukumbu zote za familia yake. Wazazi wake wanachagua kusahauliwa. Sijui mwisho mwingine katika aina hii unaolipa deni lake kwa ukamilifu huo.

Kanuni ya werevu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Kotoyama katika Yofukashi no Uta, iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Sunday kati ya 2019 na 2024 kwa majuzuu 20. Kuumwa hakumgeuzi mtu mpaka awe amempenda vampaya anayemuuma, na akipitisha mwaka mmoja tangu kuumwa mara ya kwanza bila kupenda, hatageuka kamwe. Ko anataka kuwa vampaya lakini hajui kupenda ni nini, na Nazuna anayemuuma huona haya neno hilo likitajwa tu. Mapenzi yanakuwa kazi yenye tarehe ya mwisho, na kila usiku wa kuzurura una maana. Ko ana miaka 14. Msomaji anayekereka na hilo ana haki ya kukereka, na kazi yenyewe hailijibu kikamilifu.

Hapo tunafika kwenye kasoro za aina hii, na Vampire Knight inazibeba nyingi. Katikati ya kisa inafichuka kwamba Yuki mwenyewe ni damu safi, mama yake aliuzima uvampaya wake kwa kujitoa uhai, na Kaname anatajwa kuwa kaka yake na pia mchumba wake. Baadaye tunaambiwa Kaname ni babu wa kale wa ukoo aliyeamshwa usingizini akawekwa mahali pa mtoto. Ufafanuzi huo hauondoi doa. Unaongeza miaka elfu kadhaa kati ya mwanamume anayejua yote na msichana asiyejua lolote. Kaname amemwacha Zero hai ili awe ngao ya Yuki. Amepanga, ameficha, ameamua. Urembo wa mchoro unatuomba tuuite ulinzi, ilhali haki ya kukataa niliyoitaja juu imeshachukuliwa.

Kanuni nayo inalegea. Zero alishapewa damu ya Kaname, ambayo imebeba ya Shizuka kwa kuwa Kaname aliinywa, kwa hiyo mteremko wake umezuiwa. Yuki akiwa damu safi, kunywewa hakumhatarishi kama zamani. Kisa kinaruka mwaka mmoja, na pengo linajazwa na siasa za koo za damu safi, huku nyuso zenye videvu vyembamba na nywele za rangi nyepesi zikifanana mno. Njia ya kujinasua ni kutazama mkato wa nywele za mbele na mavazi, si sura, na kurudi kwenye ukurasa wa wahusika kila juzuu jipya linapoanza. Wengi huacha kusoma katika majuzuu hayo. Ningewaomba wavumilie, maana mwisho unairudisha bei kwa ukali: Kaname anatoa moyo wake uyeyushwe uwe silaha za wawindaji wa vampaya, kisha analala, na baada ya miaka elfu Yuki anatoa uhai wake ili Kaname aamke akiwa mwanadamu. Katikati ya miaka hiyo Yuki aliishi na Zero.

Anime (katuni ya televisheni) ya Studio Deen ya 2008, misimu miwili ya vipindi 13, inaishia mbali kabla ya hayo, kwa hiyo haimwandai mtu kwa mwisho huo. Vampire Knight Memories, mwendelezo wa kisa hicho, isomwe baada ya juzuu la 19, maana sura zake zinarukaruka ndani ya ile miaka elfu na zinachukulia kwamba unajua Kaname amelala kwa sababu gani, na watoto wawili wa Yuki wana baba gani kila mmoja.