Namna nilivyoondoa mafuta ya taa kwenye chupa za maji nyumbani kwangu

Mwanangu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi michache alipokunywa mafuta ya taa, na hakuyanywa kwa utundu. Alitoka kucheza uani, jua la saa nane la Tanga likiwa kali, akaona chini ya meza ya jikoni chupa ya maji ya nusu lita, ya aina ile ile ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikimpa anywee, akaifungua na kupiga funda. Nayasema haya mapema kwa sababu hadi leo wapo wanaoniambia kwamba mtoto yule alistahili kuchapwa. Aliyeyatia mafuta ndani ya chupa ile ni mimi, siku mbili kabla, niliponunua ya kupima dukani kwa ajili ya kuwashia mkaa na kujazia taa umeme unapokatika.

Nilisikia kikohozi kwanza, kisha harufu. Muda si muda uani palijaa watu wenye nia njema na ushauri mbaya. Jirani alikuja na glasi ya maziwa, akisisitiza kwamba maziwa huua sumu. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Lushoto, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mtie kidole atapike upesi, kabla hayajaingia kwenye damu." Nilimjibu, "Mama, naomba unisamehe, huyu hatutamtapisha." Sijawahi kumkatalia jambo mbele za watu, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, lakini nilikuwa nimekumbuka maneno ya muuguzi mmoja siku ya kupima uzito kliniki, aliyetuambia akina mama tuliokuwa kwenye benchi kwamba mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe hata kidogo. Nilimvua fulana iliyolowa mafuta, nikamwosha kidevu na kifua kwa maji na sabuni, nikaichukua chupa yenyewe ili daktari aione, tukapanda bodaboda nikiwa nimempakata wima.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akampima hewa kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni, akaagiza picha ya mapafu, kisha tukawekwa chini ya uangalizi hadi usiku. Ndipo aliponieleza jambo ambalo natamani kila mzazi alijue: hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi mno, na yakipita njia ya hewa, hata kiasi kidogo, husambaa haraka na kuharibu utando unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi. Mtoto anapotapishwa, mafuta hupanda tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia kifuani, na maziwa aliyonyweshwa kwa nguvu huongeza uwezekano wa kutapika. Hakuna dawa ya kuyageuza. Mgonjwa husaidiwa kupumua na kuangaliwa. Mwanangu alipata homa kesho yake na kikohozi cha siku kadhaa, akapona. Gharama zote, pamoja na bodaboda na picha, zilikuwa kama elfu hamsini na kitu hivi.

Kupona kwake kulinipa nafuu, lakini hakukunipa usingizi, kwa sababu chupa zilikuwa bado zipo. Kwanza niliyapandisha mafuta juu ya kabati. Haikupita wiki nikamkuta mwanangu amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nayo ndoo ameiweka juu ya kigoda. Nikabandika karatasi yenye neno SUMU na picha ya fuvu. Dada yake wa darasa la pili aliisoma vizuri, ila yeye aliipenda ile picha, akaniletea chupa ameikumbatia, akiniuliza huyo ni nani. Siku hiyo niliamini kwamba onyo lililoandikwa humlinda anayejua kusoma tu.

Nilimwomba fundi seremala anitengenezee sanduku kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kitanda chetu, nikalifunga kwa kufuli na kuliweka kivulini nje, mbali na jiko. Mafuta nikayahamishia kwenye kidumu chekundu chenye mfuniko mgumu. Humo humo nikaweka sumu ya panya. Dawa ya madoa yenye klorini na ile dawa kali ya chooni nilizitenga katika visehemu viwili, kila moja katika chombo chake cha dukani, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma koo na mapafu.

Nikadhani nimemaliza. Baada ya wiki mbili hivi nikakuta jikoni chupa nyingine ya maji yenye mafuta. Shemeji yangu alikuwa ametumwa dukani jioni, sanduku limefungwa, akaokota chupa tupu iliyokuwa karibu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikihangaika na mafuta, ilhali tatizo lilikuwa chupa tupu. Tangu siku hiyo, kila chupa ya maji au ya soda ya plastiki inayoisha nyumbani kwangu hutobolewa kwa msumari wa inchi nne uliochomwa kwenye makaa na kushikwa kwa koleo. Mwanzoni nilitoboa ubavuni, karibu na shingo, na mtu akaweza kuijaza nusu. Sasa natoboa kitako, matundu mawili, na chupa hiyo haibebi tena mafuta, wala sabuni ya maji ya kupima, wala rangi. Watoto nimewanunulia chupa ngumu za shule, na muuza sabuni nampelekea chombo changu chenye mpini, ambacho hakifanani na kitu chochote cha kunywea.

Mama mkwe alitutembelea tena mwaka uliofuata. Alikaa jikoni akinitazama nikitoboa chupa tatu za sherehe ya jana yake, hakusema neno. Asubuhi ya safari, alipokuwa akifunga mzigo wake, aliniuliza kama nina msumari mwingine wa ukubwa ule.