Risiva ya 8K kwenye televisheni ya 4K: nilivyopata picha ya hezi 120

Televisheni yangu ni ya 4K na sina mpango wa kuibadilisha. Hata hivyo nilinunua risiva, yaani kifaa kinachopokea picha na sauti, kikapeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika, iliyoandikwa 8K, na kila aliyeiona aliniuliza nimefuata nini humo, wakati filamu za 8K zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Kwa kweli hiyo 8K sikuihitaji. Nilihitaji upana wa njia, yaani uwezo wa kupitisha data nyingi kwa sekunde.

Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni 8 na ushee, na ya 8K ni mara nne yake. HDMI ndiyo njia ya waya inayobeba picha na sauti kati ya vifaa. Toleo lake la 2.0, la mwaka 2013, linapitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na 4K ya fremu 60 kwa sekunde (yaani hezi 60) yenye rangi kamili za biti 8 inakaribia kuijaza njia hiyo yote. Konsoli yangu ya gemu inatoa fremu 120, tena zikiwa na HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, kwa rangi za biti 10. Mzigo huo bila kubanwa unadai gigabiti 40 hivi. Hapo ndipo HDMI 2.1 inapoingia, maana kikomo chake ni gigabiti 48. Watengenezaji wa risiva huuza uwezo huu kwa jina la 8K, kwa hiyo anayetaka 4K ya fremu 120 naye analazimika kuifuata nembo hiyohiyo.

Kabla ya kulipa niligeuza risiva nikausoma mgongo wake. Matundu ya HDMI yalikuwa mengi, lakini yenye maandishi ya 8K yalikuwa machache tu, na hata upande wa kutolea picha si kila tundu lilikuwa nayo. Jambo hili halisemwi mbele ya boksi. Niliangalia pia mwaka wa toleo, kwa sababu baadhi ya risiva za kwanza za HDMI 2.1, zile za mwaka 2020, zilikuwa na chipu yenye kasoro: ukipitishia 4K ya fremu 120 kutoka konsoli ya Xbox Series X, skrini inakuwa nyeusi tii. Ukiuziwa moja ya hizo kwa mkono wa pili, uliza kwanza kama ilirekebishwa.

Kuunganisha kulikuwa rahisi, ila picha ya fremu 120 haikutokea. Konsoli iliniambia televisheni haina uwezo huo, jambo ambalo nilijua si kweli. Ilibidi kuingia kwenye menyu mara mbili. Kwenye risiva kuna kipengele cha aina ya ishara ya HDMI, kina ngazi tatu, na kilikuwa kimewekwa ile ya kati, ya 4K ya kawaida. Nikakipandisha hadi ya 8K kwa tundu la konsoli. Kisha kwenye televisheni nikafungua kipengele kama hicho kwa tundu linalopokea kutoka kwenye risiva. Vifaa vyote viwili huja vimefungiwa chini ili vielewane na vyombo vya zamani.

Fremu 120 zikaja, pamoja na chenga. Vinukta vyeupe vilikuwa vinametameta kwenye sehemu nyeusi za picha, halafu kila baada ya muda skrini inazimika na kurudi. Nikishuka hadi fremu 60, picha inatulia. Dalili hiyo karibu kila mara ni waya. Niliondoa ule mrefu uliokuwa unatoka kwenye risiva kwenda kwenye televisheni, nikaweka mfupi wenye stika ya uthibitisho ya gigabiti 48, ile inayosomwa kwa simu. Chenga zikaisha. Waya wa shaba wa aina hii ukizidi mita chache huanza kuchoka, hivyo nilisogeza risiva karibu na televisheni na kurefusha nyaya za spika, ambazo hazina usumbufu huo.

Sauti ya programu zilizo ndani ya televisheni niliirudisha kwenye risiva kwa eARC, njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni, kupitia waya uleule. ARC ya zamani ilibeba sauti ya stereo au sauti ya spika nyingi iliyobanwa tu; eARC inabeba hata Dolby TrueHD yenye Atmos, sauti ya mzunguko isiyopoteza ubora. Na kama risiva yako haina HDMI 2.1, njia hii inaokoa pesa: chomeka konsoli moja kwa moja kwenye televisheni, picha ibaki huko, sauti irudi kwa eARC. Laiti risiva yangu ya zamani ingekuwa na eARC, nisingenunua nyingine.

Kipengele cha kukuza picha ndogo hadi 8K nilikizima, ingawa ndicho kinachopigiwa debe zaidi. Televisheni yangu haiwezi kuionyesha 8K, na kazi ya kukuza picha za kawaida hadi 4K inaifanya yenyewe, vizuri tu. King'amuzi na kicheza diski nimeviacha kwenye matundu ya gigabiti 18. Havina cha kujaza zaidi ya hapo.