Siku moja maishani mwangu: niko Goma, napanga uvuvi wa Alabama

Kazi yangu ni kupangia safari watu nisiowaona. Natumia kompyuta, simu na subira, na wateja wengi wako Marekani. Jumanne hii, mwishoni mwa Septemba, mezani nilikuwa na wazee wawili wa Ohio, mtu na mdogo wake. Wanataka kwenda kuvua besi, samaki wa maji matamu, katikati ya Oktoba, majani ya kwao yakianza kupukutika, kwenye ziwa ambalo hawajawahi kuliona: Guntersville, jimbo la Alabama. Wana siku nne na boti yao wenyewe. Mimi naishi Himbi, karibu na Ziwa Kivu, na besi sijawahi kumshika mkononi.

Saa 11:30 alfajiri

Motari, dereva wa pikipiki, ananirusha juu ya makoro, mawe ya volkano, hadi soko la Kituku ufukweni. Sikuja kununua tu. Mjomba ni mvuvi wa sambaza, dagaa wa Kivu, tangu sijazaliwa, na saa hii ndiyo anarudi, mitumbwi yake mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, vijana wake wana usingizi na makelele kwa pamoja. Wamama wenye mabeseni wamekwisha kuingia majini hadi magotini. Bei inapangwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

Nilimwamkia, nikamweleza habari ya wazee wangu. Hakushangaa kwamba watu wanasafiri siku nzima kwenda kuvua samaki ambao pengine watawarudisha majini. Alishangaa kwamba nilikuwa nimeanza kwa kutafuta hoteli.

"Mule munaingia mito ngapi?" akauliza. "Na maji inatembea ao inalala? Na ule samaki wako anakula nini?"

Nikamwambia anakula dagaa wa kule, anaitwa shedi. Akacheka. "Basi tafuta ule mudogo. Mukubwa atakuwa nyuma yake."

Yeye mwenyewe haishi kwa kitu kingine. Taa inavuta vijidudu vya majini, vijidudu vinavuta sambaza, wavu unasubiri chini. Na sambaza mwenyewe ni mgeni hapa: alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu palikuwa na maji mengi na samaki wachache wa kuyatumia. Shedi wa Alabama na sambaza wetu ni wa ukoo mmoja mpana, ule wa dagaa. Nilirudi nyumbani na bakuli la samaki na maswali matatu, na hayo ndiyo yaliyoongoza siku.

Saa 2 asubuhi

Kwanza sheria, maana leseni ikikosekana ramani haina kazi. Leseni za uvuvi za Alabama hufuata mwaka wake: zinaanza tarehe 1 Septemba na kuisha 31 Agosti. Mzee mkubwa aliniandikia kwa fahari kwamba leseni anayo, aliinunua Aprili alipokwenda kuvua kwingine jimboni humo. Hiyo imekwisha kufa. Kwa wageni ipo ya siku saba, inawatosha. Guntersville ina sharti lake pia: besi wa mdomo mpana asiyefikisha inchi 15, yaani kama sentimita 38, anarudishwa majini. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapita.

Saa 3 hadi saa 6

Hapa ndipo asubuhi ilipoishia, na sijutii hata dakika.

Guntersville ni ziwa la kutengenezwa. Bwawa lilikamilika mwaka 1939 kwenye mto Tennessee, na maji yakajaa bonde kwa urefu wa kilomita 120 hivi. Kivu inalizidi eneo zaidi ya mara nane, lakini Kivu haina shida ya mtu kupotea katika vichochoro. Guntersville ni vichochoro vitupu: hori (mikono ya ziwa inayopokea vijito) baada ya hori, madaraja, barabara zilizojengwa juu ya tuta kukatiza maji, na mashamba makubwa ya magugu maji, hasa hidrila. Mgeni mwenye siku nne akijaribu kulivua lote atarudi Ohio na risiti za petroli.

Kwa hiyo nilikata. Nikachukua sehemu ya chini tu, kuanzia Guntersville mjini hadi upande wa Scottsboro, nikabakiza hori nne: Brown's Creek, Town Creek, South Sauty na North Sauty. Swali la kwanza la Mjomba likawa limejibiwa. Maji yakipoa kutoka joto la kiangazi na kushuka chini ya nyuzi 24 kuelekea 15 za selisiasi, shedi huacha mkondo mkuu na kuingia ndani ya hori, na besi huwafuata. Oktoba hawajafika wote mwisho wa hori. Wengine wako mlangoni, wengine katikati. Mpango basi ni kuanza mlangoni na kuingia taratibu, jicho kwenye kipima-kina, hadi wingu la shedi lionekane. Hori isiyo na shedi mnaiacha, hata kama ni nzuri kwa picha.

Kuhusu chambo nilisoma mengi kuliko nilivyohitaji. Kila mtu ana rangi yake ya miujiza. Wengi wanasimulia ushindi wa Bassmaster Classic, shindano kubwa la Marekani la kuvua besi, uliofanyika Guntersville mwaka 2014 na 2020, na wageni wanakariri mbinu zile kama sala. Lakini ya 2014 ilikuwa Februari, ya 2020 ikawa Machi! Samaki wa mwisho wa baridi, anayejiandaa kutaga, hana habari na samaki wa Oktoba anayekimbizana na dagaa. Inayofanana na safari ya wazee wangu ni ile ya 1976, iliyofanyika ziwa hilohilo majani yakipukutika, Rick Clunn akashinda. Miaka ile waandaaji walificha jina la ziwa. Classic ya kwanza, mwaka 1971, washindani waliambiwa wanaelekea Lake Mead ndege ikiwa angani. Ugeni ulikuwa sehemu ya mashindano.

Nikaamua aina tatu zinatosha: chambo cha mfano wa shedi cha kuvuta haraka juu ya magugu, chura wa mpira wa kupitisha juu ya magugu yaliyojifunga kama mkeka, na kitu cha polepole cha kushusha kwenye nguzo za madaraja. Na kanuni moja niliyoipigia mstari: msimu huu magugu yanaanza kufa, watafute yaliyo bado kijani.

Saa 7 mchana

Umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ilikuwa na nusu. Tulikula fufu na sambaza za asubuhi, Mama akitaka kujua wazee wa watu wanalipa nini kwa habari ambazo kaka yake anazitoa bure. Wanalipa, nikamwambia, tatizo ni kuzifikia. Benki za hapa zilifunga Januari 2025, na mimi pesa yangu naichukulia Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa foleni ya mpakani Petite Barrière kwenda na kurudi.

Saa 8 mchana

Alabama na Goma tunapishana saa saba wakati huu wa mwaka. Ohio tunapishana sita. Mzee mkubwa alikuwa amekwisha kunywa kahawa. Alikuwa na hofu moja: amesoma kwamba msimu huu maziwa "yanapinduka". Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanazama, yanachanganyika na ya chini yasiyo na oksijeni, na kwa siku kadhaa samaki wanatawanyika. Je, waahirishe safari?

Nilimtuliza. Guntersville kwa sehemu kubwa ni kina kifupi na mto unapita ndani yake muda wote, kwa hiyo matabaka hayapati nafasi ya kujijenga kama kwenye ziwa la kina kirefu lililotulia. Kupinduka kwa nguvu kusiwe ndoto yake mbaya.

Kisha nikamweleza kuhusu ziwa lililo nje ya dirisha langu, ingawa hakuuliza. Kivu ina kina cha karibu mita 480, na maji yake ya chini, yenye chumvi na joto kuliko ya juu, hayachanganyiki na haya tunayoogea. Yameshikilia takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Ziwa dogo la Nyos, Kamerun, lilitoa gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 wakafa. Sisi tunaojua mazuku, ile hewa inayoua mbuzi shimoni bila harufu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mzee akanyamaza kidogo, akasema basi siku chache za samaki kutawanyika anaweza kuzivumilia.

Saa 10 hadi saa 1 jioni

Umeme ulirudi, nikaandika. Malazi ya usiku miwili karibu na Town Creek, kwenye hifadhi ya jimbo, miwili Scottsboro, ili asubuhi wasipoteze saa nzima barabarani. Siku ya kwanza, hadi saa 5, hakuna kutupa ndoana: kuzunguka na kuangalia tu. Najua watanichukia. Upepo ukivuma, wafuate ukingo unaopigwa. Wakiona ndege wanashuka majini kwa fujo, wageuze boti.

Swali la pili la Mjomba, kama maji yanatembea, lina jibu zuri kuliko nilivyotegemea. TVA, wanaoendesha mabwawa ya mto Tennessee, hutangaza mapema maji yatakayofunguliwa. Mkondo ukienda, besi wa madarajani wanakula, ukisimama, wanasusa. Nikaweka kiungo juu kabisa ya ukurasa, waangalie kila jioni kabla ya kulala na ndipo wachague wapi pa kuanzia.

Saa 3 usiku

Nilituma. Baada ya dakika chache jibu likaja. Wamekubali yote, hata asubuhi ya kuangalia tu, ila wanataka kuwa majini saa 11 alfajiri. Nimemwandikia mzee mkubwa kwamba katikati ya Oktoba kule jua linachomoza karibu saa 1, na kwamba hawataona magugu wala ndege. Akajibu kwamba mdogo wake tangu utoto hajawahi kumtangulia ziwani, na hataanza Alabama. Nikabadilisha saa.