Kuyeyuka si kumumunyika

Ninajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea hapa Lindi mjini, na swali la kemia lililoninyima alama mara nyingi kuliko yote ni lile linaloonekana jepesi: eleza kwa nini chumvi ya mezani huingia katika maji na kupotea. Kwa muda mrefu nilijibu kwamba bondi zake, yaani vifungo vinavyoshikanisha chembe zake, ni dhaifu. Mwalimu anayetufundisha jioni hakunisahihisha kwa maneno; aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu namba moja tu, 801. Hizo ni nyuzi za Selsiasi ambazo chumvi huyeyukia, na kitu chenye bondi dhaifu hakingesubiri moto wa kiasi hicho.

Kosa langu lilianzia katika lugha. Tunasema barafu imeyeyuka, kisha tunasema sukari imeyeyuka katika chai, kana kwamba ni jambo moja. Ilhali Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho kila mtoto anakijua, nacho ni kumumunya. Anayemumunya pipi haiyeyushi kwa joto la kinywa, kwa maana nyuzi 37 hazitoshi; ni mate yanayoichukua kidogo kidogo hadi ikaisha. Barafu ukiitia kinywani, hiyo ndiyo inayoyeyuka. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huita jambo la pipi kumumunyika, neno ambalo zamani nililiona la kubuni na lisilo na ladha, na sasa naona ndilo lililobeba somo zima: katika kuyeyuka, joto peke yake hutenganisha chembe, lakini katika kumumunyika yupo mwingine anayezivuta.

Anayevuta katika chumvi ni maji. Molekuli ya maji imepinda, na oksijeni yake huvutia elektroni kuliko haidrojeni, hivyo upande mmoja una hasi kidogo na upande wa pili una chanya kidogo. Chumvi nayo imeundwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: ayoni ya sodiamu, iliyo chanya, huzungukwa na pande za oksijeni, na ayoni ya kloridi, iliyo hasi, huzungukwa na pande za haidrojeni. Kutenganisha ayoni za moli moja (kipimo cha kuhesabia chembe) ya chumvi kunahitaji takriban kilojuli 787, na maji yanapozikumbatia hurudisha takriban kilojuli 783. Pengo la kilojuli nne hivi linachukuliwa kutoka katika maji yenyewe, ndiyo maana hupoa kidogo. Linalokamilisha kazi ni kwamba ayoni zilizotawanyika zina namna nyingi zaidi za kujipanga kuliko zikiwa ndani ya fuwele, ambamo zimepangwa kwa safu zisizobadilika. Kwa hiyo bondi ya chumvi ina nguvu sana, ila imekutana na mvutano unaokaribia kulingana nayo.

Kuhusu sukari nitasema kwa ufupi, kwa sababu wengi tunapotea mahali pamoja: bondi za kovalenti, zile ambazo atomu hushirikiana elektroni, ndani ya molekuli ya sukari hazikatiki inapoingia katika chai. Kinachoachia ni mshikano kati ya molekuli na molekuli, nazo hubaki nzima, hazina chaji, na ndiyo sababu maji ya sukari hayapitishi umeme kama yanavyopitisha maji ya chumvi.

Mfano ulionisaidia zaidi nilikuwa nao nyumbani tangu utotoni. Mama na shangazi zangu wanapobangua korosho kwa mikono hujipaka mafuta kwanza, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na yakishashika, maji matupu hayayatoi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ya asili ni asidi ya anakadi, ambayo ina kichwa kinachoweza kushikana na maji, lakini nyuma yake umeburutwa mkia wa kaboni 15. Hatusemi kwamba mkia huo unayachukia maji, ingawa ndivyo nilivyoandika katika jaribio moja. Molekuli za maji zimeshikana zenyewe kwa bondi za haidrojeni, yaani haidrojeni ya moja ikivutwa na oksijeni ya jirani, na mkia hauna cha kuzipa ili ziachiane. Mafuta ya kupikia yana mikia ya aina hiyohiyo, kwa hiyo huchanganyika na yale ya korosho bila kudaiwa chochote.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza, nikaandika katika daftari kuwa kila kitu chenye bondi za ayoni humumunyika katika maji. Lakini nyumba za kale za mwambao huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, kampaundi ya ayoni, na matumbawe hukaa baharini miaka na miaka. Ayoni zake zina chaji mbili kila upande, hivyo huvutana kwa nguvu kubwa mno. Maji nayo huzivuta zaidi kuliko yanavyoivuta sodiamu, lakini hapa malipo hayatoshi.

Mwezi wa kumi uliopita nilikwenda kumsalimia mjomba wangu anayefanya kazi katika mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanapokauka, kwanza hutua kaboneti, kisha jasi, na chumvi yenyewe huanza kuonekana maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi. Nilishangaa kuona wanamwaga maji ya mwisho.

"Mjomba, mbona hamngoji yakauke yote?"

"Hayo ni machungu, mjomba," alinijibu, kwa kuwa kwetu jina hilo huenda na kurudi. "Chumvi ikichanganyika nayo hulowa hata ikiwa ndani ya gunia."

Uchungu huo unatokana na magnesiamu. Nilikaa ukingoni mwa jaruba nikijaribu kuelewa kwa nini magnesiamu, yenye chaji mbili kama kalsiamu, ndiyo ya mwisho kuyaachia maji. Jibu lilikuwa kwa mwenzake: katika maji yale imeambatana zaidi na kloridi, yenye chaji moja tu, hivyo fuwele haishikani vya kutosha, wakati ayoni yenyewe ni ndogo na huyang'ang'ania maji kwa nguvu kiasi cha kuyavuta hata kutoka hewani. Nililiandika hilo nyuma ya daftari, chini ya ile kanuni yangu ya zamani niliyokuwa nimeikata kwa mstari.