Daraja Limefungwa

Basi la kutoka Columbus lilichelewa saa mbili, na kiyoyozi chake kilikufa kabla hatujatoka Ohio. Chumba nilichokilipia dola 180 Pittsburgh kilikuwa na dirisha lisilofunguka na zulia linalonuka mbwa. Kwa hela hizo Tanga ningelala wiki nzima, na chai ya asubuhi juu yake. Tuyaache hayo.

Nilikwenda kutazama besiboli, mchezo nisioujua hata nusu, kwa sababu mpwa wangu alipata udhuru akanipa tiketi yake. Dereva wa teksi akanishusha ng'ambo isiyo yangu. Siku ya mechi, akasema, magari hayapiti darajani. Akachukua dola zangu 24, akaniachia jua la Julai.

Daraja ni la njano, na jina lake ni Roberto Clemente. Katikati alisimama mzee aliyevaa jezi namba 21, ameegemea chuma, anautazama mto Allegheny. Nikamwamkia, nikamuuliza lango liko wapi. Badala ya kunijibu akaniuliza kama namjua mwenye daraja. Nikasema simjui. Nusu saa ikaishia hapo.

Mzee alikuwa mtu wa Carolina, Puerto Rico, mji aliozaliwa Clemente mwaka 1934. Akanieleza kwamba wachezaji watatu husimama mbali kabisa kule nyuma, na Clemente alikuwa wa kulia. Mpira ukipigwa kuelekea kwake, audake hewani. Ukidunda, auokote na kuurusha kabla mpinzani hajamaliza kukimbia vituo. Shuleni alikuwa mrusha mkuki, ndiyo maana wapinzani waliuogopa mkono wake. Hilo nililielewa mara moja, maana sisi tumekua tukitungua maembe kwa mawe. Mzee akaweka chupa ya maji chini, akavuta mguu wa kushoto mbele, akazungusha bega na kurusha mpira usiokuwepo kwa nguvu hata mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akainama. Tukamwomba radhi.

Clemente alichezea Pirates, timu ya Pittsburgh, tangu 1955 hadi 1972, akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya wadakaji bora, mara 12. Lakini kilichomuuma mzee ni jina. Watangazaji na wachapishaji wa kadi za wachezaji walimwita Bob, kwamba Roberto ni refu mno kwa midomo yao. Yeye akawa anawasahihisha, mwaka baada ya mwaka.

"Na wewe unaitwa nani?"

"Sal," nikajibu.

Akanitazama. "Mama yako ndiye aliyekupa hilo?"

Ghalani ninakofanya kazi ni Sal tangu siku ya kwanza. Msimamizi aliliandika hivyo kwenye kitambulisho, nami nikaona nitamsumbua bure. Nikamwambia mzee: Salehe. Akajaribu. Kihispania hakitamki h, ikatoka "Salee", akacheka mwenyewe, akarudia hadi ikakaribia.

Nikamuuliza Clemente alifia wapi. Desemba 1972 tetemeko liliibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua, naye akakusanya misaada. Aliposikia mizigo inaishia mikononi mwa wanajeshi wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, akaamua kuipeleka mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 ndege iliyojazwa kupita kiasi ikaanguka baharini, muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan. Watu walikwenda kusimama ufukweni, wakingoja. Mwili haukupatikana. Mjomba wangu naye alipotea na ngalawa, na hitma yake ilisomwa baada ya miezi minane kwa ubishi mkubwa wa bibi. Sikumwambia mzee.

Msimu huo Clemente alikuwa amefikisha pigo lake la 3,000, yaani pigo la kumfikisha kituoni, nalo likawa la mwisho katika msimu wa kawaida. Mwaka uliofuata akaingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli bila kungojewa miaka mitano ambayo kwa desturi hupita baada ya mchezaji kustaafu.

Mzee alinisindikiza hadi kwenye sanamu ya Clemente nje ya uwanja, tukaagana. Nilipofika kitini mechi ilikuwa zamu ya nne. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa kulia, uliojengwa futi 21 kwa heshima ya ile namba mgongoni mwake. Simu ikalia, ujumbe wa mpwa wangu: "Mjomba Sal, nani anaongoza?"

Nikamwandikia: "Mjomba Salehe." Kisha nikautafuta ubao wa matokeo, nao sikuuelewa.