Kiingereza nusu darasani nusu kwenye simu

Niko likizo nyumbani Lamu, na jana baada ya Isha tulikaa barazani mie na wenzangu wawili wa chuo tukazungumzia hii kozi ya Kiingereza ambayo nusu ni darasani nusu mtandaoni. Mmoja aipenda sana, asema video ya somo airudia hata mara tatu mpaka ashike, darasani mwalimu akipita amepita. Hapo nakubali kabisa. Hata yale mambo ya a na the, ambayo Kiswahili hatuna, mie niliyaelewa kwa mazoezi ya mtandaoni maana ukikosea waambiwa papo hapo na hakuna wa kukucheka.

Lakini kuongea jamani! Kwenye Zoom kila mtu amezima kamera na maiki, bando yaisha katikati ya sentensi, mwalimu auliza swali anyamaziwa tu. Siku tulipopewa mdahalo ana kwa ana ndio nikajiskia naongea kweli, nikachanganya he na she sababu kwetu yeye ni yeye tu, mwenzangu akanirekebisha nikaendelea. Hiyo ndio nataka zaidi.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa korona, kusoma mtandaoni ilikuwa dharura, sawa. Sasa walimu wetu wapange, sarufi na kusikiliza tufanye nyumbani, saa za darasani ziwe za mdomo. Na bando waifikirie pia, wengine wazazi wetu ni wavuvi, kusi ikivuma sana hawaendi baharini na simu yakaa bila data.